Bei ya nyumba si ile iliyo kwenye bango

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili moja baada ya sala ya isha, na kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yake alikwisha kusema, "Mjomba, nimeibiwa." Nilishtuka. Katika mji huu wetu wa Mombasa neno hilo aghalabu hufuatwa na habari za pikipiki, panga na simu ya mkononi. Nikamwuliza kama ameumizwa. Akanijibu kwamba mwilini yu mzima, ila mwizi mwenyewe ana afisi, ana kiyoyozi, ana karani wa kumfungulia mlango, na wizi wake ameupiga taipu ukurasa mmoja na kuutia mhuri.

Barua hiyo ilitoka kwa wakili wake. Ilimtaka apeleke Sh316,000 kabla ya mwezi kwisha ili uhamisho wa nyumba anayoinunua uendelee.

Kijana huyu ni mwalimu wa shule ya upili. Kwa miaka kumi na mitatu ameishi katika nyumba za kupanga, akihama kila mwenye nyumba alipopandisha kodi. Mwaka huu aliona bango kando ya barabara huko Bamburi: nyumba ya vyumba vitatu, Sh5 milioni. Akakusanya alichokuwa nacho. Kulikuwa na fungu lake la urithi wa shamba la minazi la marehemu baba yake, kulikuwa na mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, kulikuwa na pesa za cherehani ya mkewe. Hesabu ilitimia Sh5 milioni na elfu chache za kukodi lori la kuhamisha vyombo. Akatia sahihi mkataba, akatoa arbuni ya asilimia 10, yaani Sh500,000, na akapewa siku tisini za kumaliza malipo. Barua ya wakili ilimfikia siku ya sitini na tatu. Na mkataba wenyewe, kama ilivyo mikataba mingi ya aina hiyo, ulisema wazi kwamba mnunuzi akishindwa kukamilisha kwa kosa lake, arbuni haitarudi.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mizanini. Upande mmoja Sh316,000 ambazo hakuwa nazo, na upande wa pili nusu milioni ambayo angeipoteza pamoja na nyumba.

Siku ya pili yake nilifuatana naye hadi afisini kwa wakili. Sitaki kuficha kwamba nilikwenda nikiwa nimejitayarisha kugomba. Mimi ni mtu mzima, nimeona mengi, na dhana niliyo nayo kuhusu mawakili ni ileile waliyo nayo Wakenya wengi. Lakini nilipoketi na kuisoma orodha ile kipengele kwa kipengele, nilitoka nikiwa na hasira ya namna nyingine kabisa. Hakukuwa na wizi katika barua ile. Kila shilingi iliyoandikwa ilikuwa na sheria nyuma yake. Kosa lilikuwa kwamba mwalimu huyu aliiona orodha hiyo siku ya sitini na tatu, ilhali alistahili kuiona siku ile alipolisoma bango.

Nami nashikilia kwamba kuchelewa huku kuna madhara makubwa kuliko gharama yenyewe. Mtu anayeshtukizwa na gharama hutafuta njia ya kuikwepa, na katika ununuzi wa nyumba gharama iliyo rahisi kukwepa ndiyo inayomkinga asipoteze vyote.

Tuitazame orodha yenyewe. Kubwa lao lilikuwa ushuru wa stempu, Sh200,000. Huu si malipo ya wakili. Ni kodi ya serikali, na wakili ni tarishi tu wa kuipokea na kuiwasilisha. Sheria yake tuliirithi kutoka kwa Mwingereza, nayo humtaka mnunuzi alipe asilimia 4 ya thamani ya mali iliyo ndani ya mji, na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Hati ambayo haikulipiwa ushuru huo msajili wa ardhi haiandikishi, na mahakama haiipokei kuwa ushahidi mpaka ilipiwe. Kwa maneno mengine, waweza kumlipa muuzaji hadi senti ya mwisho, ukakabidhiwa funguo, ukalala humo ukaamka, na bado katika daftari la serikali nyumba ikabaki kuwa ya mwenziwe.

Angalia neno "thamani" nililolitumia. Sikusema bei. Mthamini wa serikali ndiye anayesema nyumba ina thamani gani, na ikiwa thamani yake imezidi bei mliyopatana, ushuru hufuata ile iliyo kubwa. Jambo hili halimo kwenye bango wala halimo kinywani mwa dalali. Siku tulipokuwa pale afisini mthamini alikuwa hajatoa jibu, na wakili alituonya kwamba Sh200,000 ni makisio tu. Mpwa wangu akanitazama, nami nikatazama dirishani.

Hapa ndipo yule mnong'onezaji hujitokeza. Kila anayenunua nyumba humpata mtu wa kumwambia, "Kwani lazima muandike bei yote? Andikeni Sh3 milioni kwenye mkataba, hizo mbili mpeane mkononi." Nimesikia ushauri huu ukitolewa misikitini, makanisani na kwenye baraza za kahawa, tena na watu wanaoheshimika. Niliache lile la kuidanganya serikali, ambalo kila mtu atalijibia mwenyewe. Nizungumzie hasara ya mnunuzi. Mauzo yakivunjika, iwe ni kwa muuzaji kubadili nia au kwa kugundulika kwamba ardhi si yake, utadai kurudishiwa fedha gani? Mkataba wa ardhi katika nchi hii hauna nguvu ya sheria ila uwe umeandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Ule uliouandika unasema Sh3 milioni. Hizo mbili nyingine zitakuwa maneno yako dhidi ya maneno yake. Umeokoa Sh80,000 za ushuru kwa kuziweka Sh2 milioni kwenye upepo. Na mthamini wa serikali naye si kipofu. Huenda akaithamini nyumba milioni tano vilevile, ukalipa ushuru wote na mkataba ukabaki umepunjika.

Kipengele cha pili kilikuwa malipo ya wakili mwenyewe, Sh100,000, pamoja na Sh16,000 za kodi ya ongezeko la thamani ambayo ni asilimia 16. Wengi hawajui kwamba ada hii haipangwi kwa kumtazama mteja viatu. Kuna kanuni za ada za mawakili, zilizorekebishwa mwaka 2014, zinazoweka kima cha chini kulingana na bei ya mali. Kwa mali isiyozidi Sh5 milioni kima hicho ni asilimia 2 au Sh35,000, ikitazamwa iliyo kubwa. Wakili anayetoza chini ya hapo ndiye anayevunja sheria. Nakiri kwamba utaratibu huo wanipa shaka kidogo. Kazi ya kuhamisha nyumba ya milioni tano na kazi ya kuhamisha nyumba ya milioni mbili yaweza kuwa ni ileile, karatasi zilezile, foleni ileile kwenye afisi za ardhi, na mwananchi hawezi hata kuomba apunguziwe bila kumtia wakili makosani. Wakubwa wa sheria wana majibu yao. Mimi nasema tu kwamba mteja anastahili kuelezwa.

Hata hivyo, ada hii ndiyo ya mwisho ambayo ningemshauri mtu aikwepe, na najua ninachokisema kwa sababu mimi niliikwepa.

Miaka mingi iliyopita, kichwa changu kikiwa bado na nywele nyeusi, nilinunua kiwanja. Dalali alinishawishi kwamba hapana haja ya wakili wawili. "Wa muuzaji anatosha, bwana, karatasi ni zilezile." Nikaona ni mtu mwema anayenihurumia. Wakili yule, ambaye sikumlipa hata thumuni, alifanya kazi yake barabara kwa yule aliyemlipa. Mkataba haukusema lolote kuhusu madeni. Niliposhika karatasi zangu nikaenda baraza la mji kulipa kodi ya kiwanja ya mwaka huo, karani alifungua jalada, akalamba kidole, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, kisha akanisomea deni la miaka kumi na moja. Deni lilikuwa la kiwanja, na kiwanja kilikuwa changu. Nililipa kwa awamu mpaka mtoto wangu wa kwanza akaingia darasa la nne. Ile ada ya wakili niliyojigamba kuiokoa ingeingia mara kadhaa katika deni lile.

Kwa hiyo dalali wa Bamburi alipomwambia mpwa wangu maneno yayo hayo, mimi ndiye niliyemkataza. Mwaka huu sikuwa na jambo jingine la kujivunia, basi niachieni hili.

Siku hizi, kabla ya uhamisho kuandikishwa, hutakiwa cheti cha kaunti kuonyesha kwamba kodi ya ardhi haina malimbikizo, na kwa ardhi iliyokodishwa na serikali hutakiwa cheti kingine cha kodi ya ukodishaji. Kwa kawaida huo ni mzigo wa muuzaji. Lakini kawaida si sheria, na mkataba uliokaa kimya huzaa ugomvi siku ya malipo. Ndivyo ilivyo pia kwa kodi ya faida ya mtaji. Kodi hiyo ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 imekuwa asilimia 15 ya faida anayoipata muuzaji. Ni yake, si ya mnunuzi. Walakini wauzaji wamebuni msemo mtamu: "Mimi nataka milioni tano safi mkononi." Neno "safi" hapo lina maana kwamba kodi yangu nilipie wewe. Atakayelipitisha neno hilo bila kuuliza ajue amepandisha bei ya nyumba mwenyewe kwa kiasi asichokijua.

Wanaonunua kwa mkopo wa benki wana orodha yao ya ziada. Benki hutaka mthamini wake, hutaka bima, hutaka wakili wake aandike hati ya rehani, na wote hao hulipwa na mkopaji ijapokuwa hawamtumikii yeye. Hati ya rehani nayo ina ushuru wake wa stempu, asilimia 0.1 ya mkopo, ambao ndio mdogo kuliko vyote. Sishangai kwamba katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50 mikopo ya rehani ya nyumba ni elfu thelathini hivi tu. Riba ndiyo inayolaumiwa kila siku, na inastahili lawama, lakini mlangoni kabla ya kuifikia riba kuna viingilio hivi.

Kwa wanunuzi wa mashamba na viwanja vya mashambani nitasema neno moja tu. Ardhi ya kilimo haihamishwi bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na idhini hiyo huombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mkataba huhesabiwa kuwa batili. Nauli za kwenda kwa bodi, za wewe na muuzaji na mkewe ambaye ridhaa yake ni lazima ikiwa hapo ndipo nyumbani kwao, ziwekeni kwenye hesabu mapema.

Nirudi kwa wakili, maana hapa pana jambo zito zaidi ya vyeti. Zamani ilitosha kwenda kwa msajili wa ardhi, kulipa ada ndogo ya upekuzi, na kuletewa karatasi inayosema kwamba mwenye ardhi ni fulani na haina zuio wala rehani. Ukishaona jina la muuzaji hapo, ulilala usingizi. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliuondoa usingizi huo, na kesi yenyewe ilitoka papa hapa kwetu.

Kulikuwa na kiwanja Nyali, karibu na bahari. Mwaka 1989 kilitolewa kwa aliyekuwa Rais, Daniel arap Moi. Kikapita kwa kampuni moja, kisha kikanunuliwa na kampuni ya Dina Management. Hatimiliki ilikuwapo, daftari la msajili lilikuwa na jina. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta wa kiwanja hicho, ikisema pale palikuwa njia ya umma ya kwenda ufuoni. Mnunuzi akaenda mahakamani akijitetea kwamba alinunua kwa nia njema, kwa pesa zake, kutoka kwa mtu mwenye hati. Majaji wa Mahakama ya Juu walisema kwamba hati pekee haitoshi ikiwa namna ilivyopatikana tangu mwanzo ndiyo inayobishaniwa. Ardhi ilikuwa ya umma na ilitolewa bila kufuata sheria. Aliyepewa kwanza hakupata haki, na asiye na haki hawezi kumwuzia mwingine haki. Mwezi Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya ardhi ya Embakasi, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba barua ya kugawiwa ardhi peke yake si umiliki.

Haki imetendeka kwa umma, na mimi ninayependa kutembea ufuoni siwezi kulalamika. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilitueleza jinsi ardhi za umma zilivyogawanywa kama tambuu harusini, na ilikuwa lazima siku moja mtu aulizwe. Lakini tazama mzigo umemwangukia nani. Sasa mnunuzi, hata awe mwalimu mwenye nusu milioni ya arbuni, anatakiwa kuifuata ardhi nyuma hadi mzizi wake: nani aliipewa kwanza, kwa barua ipi, ramani ya kupima iliidhinishwa lini, ada zililipwa au hazikulipwa. Kazi hiyo haifanywi kwa karatasi moja ya upekuzi. Inahitaji jalada la zamani, mpimaji wa kuja kuzitazama bikoni, na wakili anayejua aulize nini. Mtandao wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 kuanzia Nairobi, umerahisisha kulisoma daftari, lakini uchafu ukiwa chini ya daftari, kompyuta nayo itakuonyesha daftari safi.

Mwenye kufikiri kwamba nazidisha chumvi aende Mavoko, kaunti ya Machakos. Oktoba 2023 watu walitazama nyumba zao zikibomolewa baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi wao walikuwa wamenunua. Walikuwa na risiti na vyeti. Baadhi walijenga maghorofa. Pale hapakukosekana pesa ya kujenga. Kilichokosekana ni jibu la kweli, kabla ya jiwe la kwanza, kuhusu nani mwenye ardhi.

Sisi wa pwani tuna kichaka chetu cha kujifichia gharama hizi, nacho ni nyumba bila ardhi. Nyumba nyingi za Kiswahili mjini hapa zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kila mwezi, na nyumba huuzwa na kununuliwa kwa mkataba mwepesi usiofika kwa msajili. Bei yake ni nafuu na hakuna ushuru wa stempu wa kukutoa jasho. Babu zetu waliishi hivyo kwa kuaminiana na wenye ardhi waliowajua kwa majina. Leo mwenye ardhi ni mrithi aliyeko mbali, au ni kampuni, na siku akitaka kuuza, mwenye nyumba hana hati ya kuonyesha benki, mahakama wala wanawe. Unafuu ule ulikuwa ni deni lililosogezwa mbele kwa wajukuu.

Sasa basi, nani wa kulaumiwa? Sitamlaumu mwalimu kwa kutokujua. Mtu anayenunua nyumba mara moja maishani ataujulia wapi utaratibu? Nawalaumu kwanza wauzaji na madalali wanaotundika bei isiyo bei. Ukienda kununua tiketi ya basi la kwenda Nairobi huelezwi kwamba usukani hulipiwa Mtito Andei. Kwa nini bango la nyumba liruhusiwe kutaja Sh5 milioni bila kusema chini yake, kwa herufi zinazosomeka, kwamba mnunuzi atahitaji kiasi cha asilimia sita au saba juu yake kwa ushuru na wakili? Bunge limetunga sheria za mambo madogo kuliko haya. Tunataka kila tangazo la nyumba liwe na makisio ya gharama za kisheria, na kila mkataba uwe na ukurasa wa kwanza unaosema nani analipa nini, nao utiwe sahihi kabla ya arbuni kutoka mkononi mwa mnunuzi. Mawakili nao watoe makisio yao kwa maandishi siku mteja anapoingia mlangoni, wala wasingoje siku ya sitini na tatu. Nilimwuliza wakili wetu kwa nini hakufanya hivyo. Alisema kwamba mteja hakuuliza. Nikamwambia kwamba daktari hangoji mgonjwa amwulize kama dawa ina madhara. Akacheka kidogo, akaandika kitu kwenye kijitabu chake.

Pili, naielekezea serikali kidole. Tangu mwaka 2018 sheria inamsamehe ushuru wa stempu mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Vyema. Lakini mwalimu huyu, ambaye Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 humkata asilimia 1.5 ya mshahara wake kila mwezi ili nyumba hizo zijengwe, akijitafutia nyumba yake ya kwanza Bamburi bila kuisumbua serikali, hutozwa asilimia 4 kamili. Hiyo ndiyo asilimia anayotozwa tajiri anayenunua jumba lake la tano Muthaiga. Nyumba ya kwanza ni nyumba ya kwanza, awe ameijenga Rais au ameijenga fundi wa Kisauni. Waingereza waliotuachia ushuru huu wamekwisha kuurekebisha kwao, na mnunuzi wa nyumba ya kwanza iliyo chini ya bei fulani hatozwi. Sisi tumeushikilia kama urithi wa mzee usioguswa. Hazina ikihofia kupungukiwa, iweke kiwango: milioni tano za kwanza za nyumba ya kwanza zisitozwe, na ufidio upatikane kwa wanunuzi wa majumba ya mamia ya milioni.

Najua kuna watakaosema kwamba watu watadanganya, kila mmoja adai hii ni nyumba yake ya kwanza. Mamlaka ya ushuru inajua namba ya kila mlipa kodi na sasa ina daftari la ardhi kwenye kompyuta. Ikiwa inaweza kumtambua muuza mboga asiyejaza fomu, haitashindwa kumtambua mwenye nyumba tatu.

Mkataba wa mpwa wangu una siku kumi na moja zilizobaki. Mkewe ameweka rehani bangili zake za dhahabu, mimi nimeongeza kidogo, na walimu wenzake wamechanga katika chama chao cha mwezi kwa kumpa zamu isiyokuwa yake. Sh316,000 zilitimia Ijumaa, naye akazipeleka mwenyewe na kuchukua risiti, moja ya ushuru na nyingine ya ada, kama nilivyomwagiza.

Jana jioni alinipigia tena. Mthamini wa serikali amekwisha kutoa jibu lake: nyumba ina thamani ya Sh5.8 milioni. Ushuru wa stempu umekuwa Sh232,000, na wakili anataka tofauti ya Sh32,000 kabla ya Alhamisi. Safari hii hakusema ameibiwa. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kama thamani hiyo yaweza kukatiwa rufaa na kama kuna muda. Rufaa ipo. Muda ndio haupo. Leo asubuhi nimekwenda benki.